Mzaha Juu ya Vitabu Vikubwa: Je, Nao ni Masomo?

Katika nchi za Magharibi limeenea jambo ambalo wazazi wengi wa Kiislamu waliohamia huko hulitazama kwa mashaka. Mwalimu wa fasihi huingia darasani, na badala ya kufungua kitabu huwasha televisheni. Kinachoonyeshwa si mchezo wenyewe wa Shakespeare, wala si kisa chenyewe cha Emily Brontë, bali ni mwigo wa mzaha: watu wa maskhara wamekitwaa kitabu kikubwa, wakakipindua chini juu, wakakifanya kichekesho. Watoto hucheka mpaka machozi yakawatoka. Mzazi akizisikia habari hizi huuliza, na ana haki ya kuuliza: je, haya nayo ni masomo?

Swali hili si la upuuzi, nasi hatukusudii kulijibu kwa neno moja. Twataka kulipima kwa mambo tuliyoyaona wenyewe katika nyumba ya dada yetu mjini Leicester, Uingereza, ambako tulikaa miezi mitatu ya baridi mwishoni mwa mwaka 2018, na kwa mifano ya michezo hiyo, ambayo tumeitazama na kuilinganisha na vitabu vilivyoigwa.

Kwanza yafaa tuelewane juu ya maana. Mwigo wa mzaha si tusi. Mwenye kutukana hana haja ya kukijua anachokitukana. Neno moja chafu lamtosha. Lakini mwenye kuiga kwa mzaha hana budi kukijua sana kile anachokiiga: mwendo wake, maneno yake, mahali pake pa fahari na mahali pake pa udhaifu. Asipokijua, hapana atakayecheka. Wala jambo hili halikuzaliwa na televisheni. Shakespeare mwenyewe, katika mchezo wake wa ndoto ya usiku wa kiangazi, aliwaweka jukwaani mafundi wa kawaida, mfumaji na seremala na wenzao, wakaigiza kisa cha wapendanao wawili wanaokufa, nao wakakiigiza vibaya hata msiba ukawa kichekesho. Na Miguel de Cervantes wa Hispania, aliyekuwa mateka mjini Algiers kwa miaka 5, tangu 1575 hata 1580, alitoa mwaka 1605 sehemu ya kwanza ya kisa cha Don Quixote kwa nia ya kuvicheza shere vitabu vya mashujaa wa farasi vilivyopendwa zama zake. Tena, kwa kukamilisha mzaha, akadai kwamba habari zile alizipata kwa mwandishi wa Kiarabu aitwaye Cide Hamete Benengeli, mtu ambaye hakuwapo ila katika fikira zake. Basi tazameni ajabu yake: vitabu vingi alivyovichezea vimesahauliwa, na mzaha wake umedumu zaidi ya miaka 400, nao leo husomwa kuwa ni kitabu kikubwa.

Hata katika fasihi ya Waislamu, kicheko hakikufukuzwa barazani mwa elimu. Al-Jahiz wa Basra, katika karne ya 9, aliandika kitabu kizima juu ya mabahili, kimejaa visa vya kuchekesha, na humo akakitetea kicheko kinachokaa mahali pake. Kwa hiyo hatuwezi kusema kwamba kucheka na kusoma ni maadui.

Lakini upo upande wa pili, na hapana budi kuusema. Sisi watu wa pwani twamjua Abunuwasi. Hapana mtoto asiyesikia hila zake mbele ya Sultani. Lakini ni wangapi kati yetu wajuao kwamba Abu Nuwas alikuwa mshairi aliyeishi Baghdad katika zama za Harun al-Rashid, na kwamba mabingwa wa lugha ya Kiarabu humhesabu kuwa miongoni mwa washairi wao wakubwa? Kwetu sisi mzaha umemmeza mtu. Amebaki mjanja wa hadithi za jioni, na mashairi yake hatuna habari nayo. Hii ndiyo hatari yenyewe: mtoto akikutana kwanza na kikaragosi, huenda asimtafute tena mwenye sura.

Hofu hiyo ndiyo tuliyoikuta kwa dada yetu. Mwanawe wa kiume alikuwa na umri wa miaka 15, akijitayarisha kwa mtihani wa GCSE. Katika mtihani huo mtoto wa Kiingereza na mtoto wa mgeni wote hutakiwa kuujua mchezo mmoja wa Shakespeare na kisa kirefu kimoja cha karne ya 19. Na tangu mtihani ulipobadilishwa, ukafanywa kwa mara ya kwanza kwa sura mpya mwaka 2017, haruhusiwi mtu kuingia na kitabu chake chumbani. Mchezo wa mpwa wetu ulikuwa Macbeth. Mwalimu wake, kabla ya kuufungua, aliwaonyesha darasani kichekesho cha katuni za The Simpsons cha mwaka 2009, ambamo kisa hicho kimeigwa. Mama mtu aliposikia alihamaki.

"Kaka," alituambia, "hawa tumehangaika nao ugenini ili wasome. Shakespeare mwenyewe hawajamwona, washaonyeshwa kikaragosi chake. Skuli imekuwa baraza ya porojo?"

Tukamgeukia kijana, tukamuuliza aliona nini katika kichekesho kile. Akanyamaza kitambo, kisha akasema neno ambalo halijatutoka moyoni.

"Mjomba, mimi sikuelewa. Mimi hucheka wenzangu wanapocheka, na wakinyamaza hunyamaza."

Hapo tulifahamu kwamba mambo si kama alivyoyafikiri dada yetu. Yeye aliogopa mwanawe anacheka mno. Kumbe mwanawe hakuwa anacheka kabisa. Kicheko chake kilikuwa cha kuazima. Mzaha juu ya kitabu hulipasua darasa mapande mawili: wale waliokwisha kulisikia jina la Macbeth nyumbani kwao, katika mazungumzo ya wazazi na katika matembezi ya kwenda kutazama michezo, na wale ambao hawajalisikia popote. Wa kwanza hucheka kwa sababu wanajua. Wa pili hucheka kwa sababu wanaogopa kujulikana kwamba hawajui. Na mtoto wa mgeni, mwenye jina geni na lugha nyingine nyumbani, huogopa zaidi. Tena kulikuwa na jambo lililokuwa likimngoja. Skuli yao huwapanga watoto kwa uwezo, naye alikuwa amekwisha ambiwa kwamba baada ya muhula huo huenda akateremshwa daraja katika Kiingereza. Alikwisha kujihukumu mwenyewe kwamba vitabu hivi si vya watu kama yeye.

Majira ya baridi kule sala ya Isha huingia kabla hata ya saa moja ya usiku, na usiku ni mrefu. Tukamwambia kijana: kila tukimaliza kusali, tutakaa saa moja. Tulianza na kisa chenyewe kwa Kiswahili, kama wazee wetu walivyokuwa wakisimulia: mkuu wa jeshi aliyetabiriwa ufalme, mke aliyemchochea, mgeni aliyeuawa usingizini naye yu mfalme na yu chini ya dari ya mwenyeji wake. Kwa mtoto aliyelelewa katika nyumba ya Kiswahili, hili la mwisho halikuhitaji maelezo. Alijua kumwua mgeni nyumbani mwako ni aibu ya namna gani. Baadaye ndipo tukaingia katika Kiingereza chenyewe, kurasa chache kila usiku, tukisoma kwa sauti, yeye akishika nafasi ya huyu na dada yake mdogo wa miaka 13 akishika nafasi ya yule. Mama yao alikuwa akisikiliza kutoka jikoni, na usiku wa tatu akaacha kusikiliza kwa mbali, akaja na kiti chake.

Tulipoumaliza mchezo, tukakirudia kile kichekesho. Ndani yake, Homer Simpson, mtu mnene mpenda chakula, amepewa katika mchezo wa Macbeth kazi ya kusimama kama mti. Mkewe Marge hakuridhika mumewe awe mti. Akamchochea amwue mchezaji mkuu ili apate nafasi yake. Mauaji moja yakazaa mengine, kwa sababu kila mara sifa za gazetini zilikwenda kwa mtu mwingine.

Mara ya kwanza mpwa wetu aliona mtu mnene aliyevishwa matawi. Mara ya pili, Homer alipotokea tu na matawi yake, alishtuka, akasema, "Mjomba, huu si msitu wa Birnam?" Naam. Katika mchezo wa Shakespeare, Macbeth ameambiwa hatashindwa mpaka msitu uondoke mahali pake uende kumwendea, naye akajiona salama, kwani miti haitembei. Kisha askari wa adui wakakata matawi, wakajifunika nayo, na msitu ukatembea. Mwenye kuyajua hayo akimwona mti wenye miguu miwili hucheka cheko lake mwenyewe.

Tukamwambia achukue karatasi, aigawe mafungu matatu: kilichobaki, kilichogeuzwa, na kilichoachwa. Katika fungu la kilichobaki aliandika mke mwenye tamaa na damu inayoita damu. Katika kilichogeuzwa aliandika kwamba mahali pa taji pamewekwa sifa za gazetini. Kisha akakaa akifikiri, akatuuliza kama watu wa leo huona sifa kuwa ndizo taji. Hatukumjibu, kwa sababu swali la namna hiyo ndilo mwalimu alilikusudia tangu mwanzo, nalo lilimfikia mtoto huyu wakati alipokuwa na kitu cha kulishikia.

Usiku mwingine tuliwaonyesha mzaha wa zamani zaidi. Johnny Wayne na Frank Shuster walikuwa Wakanada wawili waliojuana tangu walipokuwa wanafunzi katika skuli ya Harbord mjini Toronto. Mwaka 1958 walikichezesha katika televisheni ya Marekani, katika kipindi cha Ed Sullivan, kichekesho chao juu ya Julius Caesar. Humo Caesar akisha kuuawa, Brutus humwajiri mpelelezi wa kulipwa, wa namna ya wale wa filamu za Marekani, ili amtafute mwuaji. Na kila aliyesoma kitabu anajua mwuaji mmoja yuko wapi, kwani ndiye anayelipa ujira. Ndani yake mna utani juu ya jina la kinywaji ambacho sisi hatukinywi: mpelelezi analigeuza jina hilo liwe la umoja kwa desturi ya Kilatini, na akisahihishwa husema kwamba angetaka viwili angesema. Watoto hawakuuelewa, kwani hawajui Kilatini. Tukawaambia: hamkumbuki jinsi madereva wetu walivyolichukua neno la Kiingereza la kuwaamuru washike kushoto, likawa kipilefti, na vikiwa viwili vikawa vipilefti? Mzaha ni ule ule: neno la kigeni limelazimishwa kufuata ngeli. Wakacheka, na mama yao akacheka kuliko wote.

Dada yetu alikijua kisa cha Caesar kwa njia yake. Mwalimu Julius Nyerere alikitafsiri kwa Kiswahili, kikachapishwa mwaka 1963, kisha akakisahihisha na kukitoa tena mwaka 1969 kwa jina la Juliasi Kaizari; nacho alikisoma katika ujana wake. Usiku ule aliwaeleza wanawe jinsi Antony anavyosimama mbele ya maiti na kuwasifu wauaji, akarudia sifa hizo mara baada ya mara hata zikageuka kuwa mashtaka. Siku mbili baadaye yule binti wa miaka 13 alituletea mchezo wake mwenyewe, kurasa nne za daftari, kwa Kiswahili. Caesar amekuwa mwenyekiti wa kamati ya harusi. Waliomwangusha ni mhazini na wenzake. Na Antony ni shangazi anayeinuka kutoa neno la shukrani kwa mhazini, akamshukuru kwa uaminifu wake mara tano, na kila mara akitaja sahani moja iliyopotea. Tulicheka sana, lakini tulichokiona ni hiki: asingaliweza kuyaandika hayo ila kwa kuifahamu hotuba ya Antony barabara, pale inapopanda na pale inapogeuka. Hapana mtihani ambao ungalitudhihirishia hayo vizuri zaidi.

Si mizaha yote iliyo sawa. Ipo inayokiangazia kitabu, na ipo inayokifunika. Watu wa kundi la Monty Python wa Uingereza, mwaka 1970, walikichezea kisa cha Wuthering Heights, alichokitoa Emily Brontë mwaka 1847, kwa kuwafanya wapendanao wasemezane kwa bendera za ishara, huyu juu ya kilima hiki na yule juu ya kilima kile. Katika mzaha huo huo walimleta na Julius Caesar kwa taa za ishara. Kwa juu ni upuuzi mtupu. Lakini aliyekisoma kisa cha Brontë anajua kwamba Catherine na Heathcliff wametengwa na mali, na nasaba, na kiburi, na kwamba maneno yao hayafiki. Bendera zile zimelisema jambo hilo kwa kucheka. Kadhalika The Simpsons, mwaka 1990, waliuchukua utenzi wa kunguru wa Edgar Allan Poe, uliotoka mwaka 1845, wakamfanya Homer kuwa mfiwa na mwanawe Bart kuwa kunguru. Lakini maneno mengi waliyaacha kama yalivyo, yakasomwa kwa sauti nzito ya James Earl Jones. Mtoto aliyetazama ili acheke huondoka na mapigo ya shairi masikioni mwake.

Lakini mzaha ambao kicheko chake chatoka katika lafudhi ya mgeni, au katika kabila lake, au katika dini yake, huo haukuiga kitabu, umewadhihaki watu. Sote twajua onyo la Surat Al-Hujurat juu ya watu kuwadharau watu wengine, ambao huenda wakawa bora kuliko wao. Mathalan mchezo wa The Merchant of Venice, ambao Mwalimu Nyerere aliutafsiri mwaka 1969 kwa jina la Mabepari wa Venisi, una mtu aitwaye Shylock, Myahudi mkopeshaji, anayetukanwa na kutemewa mate kabla hajasimama kudai kisasi. Mwenye kumwiga kwa mzaha ili Uyahudi wake uchekwe amelipoteza hata lile lililomo ndani ya mchezo wenyewe, maana Shakespeare alimpa nafasi ya kuuliza kama yeye si binadamu kama wao. Sisi ambao watoto wetu nao huchekwa kwa majina yao tusiwafundishe kuwacheka wengine kwa nasaba zao.

Turudi kwa mpwa wetu kwa maneno machache. Wiki moja kabla ya sisi kuondoka, mwalimu alikuwa akisoma darasani mahali ambapo Macbeth anajisifu kwamba hana la kuogopa maadamu miti imesimama. Hakuna aliyecheka, kwa kuwa si mahali pa kucheka. Kijana alimkumbuka Homer na matawi yake, akacheka peke yake. Mwalimu akamuuliza sababu, kwa ukali kidogo. Akasimama akaeleza, habari ya msitu na ya mti na ya mke mwenye tamaa, mbele ya darasa zima lililokuwa kimya. Alipotusimulia jioni ile hakutaja kwamba alisifiwa, alisema tu, "Mjomba, leo wao ndio waliongoja mimi nieleze." Muhula ulipokwisha, daraja lake halikuguswa, na dada yetu aliacha kuyaita masomo yale porojo.

Basi nasaha yetu kwa wazazi na kwa vijana ni hii. Mzaha usitangulie kitabu kwa mtoto ambaye nyumbani kwake kitabu hicho hakijulikani. Atangulizwe kisa, tena kwa lugha yake ya nyumbani, kisha maneno yenyewe, na mzaha uwe wa mwisho, kama tunda baada ya chakula. Mwalimu mwenye watoto wa wageni darasani mwake asidhani kwamba kila anayecheka ameelewa. Nawe mzazi, usiizime televisheni kwa hasira wala usiiache kwa uvivu. Kaa karibu na mwanao. Akimaliza kucheka, muulize swali moja tu: umechekea nini? Akiweza kukueleza, jua amesoma. Akiinua mabega, usimgombeze. Kitoeni kitabu kabatini, mkakisome pamoja.